Nikipiga magoti maneno hayatoki

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu aliachishwa kazi mwezi wa nne na ada za watoto zinatudai. Kila siku saa tisa za usiku nimekodoa macho darini. Nikipiga magoti maneno hayatoki. Dada mmoja wa kwaya ameniambia sina amani kwa sababu imani yangu ni haba. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Mbeya

JIBU: Amina, na pole sana mama. Huyo dada amekosea. Fungua Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Katika miwili ya kwanza Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Wa tatu na wa nne anaomba. Ni kwenye mstari wa tano ndipo anasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako." Hatuambiwi popote kwamba adui yake ameshaondoka.

Ukiamka usiku, toka kitandani, keti, uisome polepole kwa sauti ya chini mara mbili. Mara ya pili, kila ufikapo "hata lini" tia jambo lako kwa jina lake: hata lini baba watoto atakaa bila kazi, hata lini mtoto atarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaomba kwa jumla, "Bwana, tuondolee shida zetu," nao mzigo unabaki palepale kwa kuwa haukutajwa. Wengine wanarukia mstari wa tano kabla hawajaulilia wa kwanza. Dakika kumi zinatosha. Simu iache chumba kingine.

Paulo naye alikuwa kifungoni alipowaandikia Wafilipi (4:6-7) kwamba haja zao zijulikane na Mungu, pamoja na kushukuru. Shukrani yako iwe ya kitu cha leo, hata fungu la mchicha alilokupa jirani. Amani anayoiahidi "itawahifadhi" mioyo yenu, na neno lake la Kigiriki ni la askari wanaolinda mji. Mlinzi huwekwa penye hatari. Kwa hiyo hofu ikirudi baada ya maombi, usidhani Mungu amekuacha, rudia tena.

Kisha watu. Paulo huyohuyo, akiwa mfungwa, anamwambia Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na ajitahidi kufika kabla ya baridi (2 Timotheo 4). Alitaja nguo, mahali ilipo na muda. Nawe kwenye jumuiya usiishie "mniombee". Sema: tumepungukiwa ada kiasi hiki, mwisho wa kulipa ni tarehe hii, mume wangu ana ujuzi huu. Wazee wa kanisa hawawezi kukusaidia mzigo wasioujua uzito wake.

Ule pia. Elia alipoomba afe, hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo akaendelea na safari (1 Wafalme 19). Mwili uliochoka usiuongezee mikesha na mfungo. Usingizi ukikataa zaidi ya wiki mbili, nenda ukamwone daktari. Wazo la kufa likikujia, usikae peke yako: mwambie mtu, mwende hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Baba yangu ana presha. Ameambiwa akitoa sadaka maalumu ataponywa, na aache dawa. Tumsikilize aliyesema hivyo?
Kijana, Dodoma

JIBU: Hapana. Presha hupanda bila dalili, na anayeacha dawa ghafla anaweza kupata kiharusi huku akijiona mzima. Simoni yule mchawi alipoleta fedha ili apate karama ya Mungu, Petro alizikataa palepale (Matendo 8:20). Sadaka hutolewa kwa moyo, haina bei ya uponyaji. Mpe baba kidonge chake saa ileile kila siku, kisha umshike mkono mwombe pamoja.