Ukitafuta muziki wa zamani mtandaoni, achana na jina la wimbo

Rafiki zangu hulalamika kwamba wametafuta ngoma za kwao mtandaoni wakaambulia patupu. Nikiwauliza waliandika nini, jibu ni lile lile: jina la wimbo, tena kwa tahajia ya leo. Rekodi za zamani hazikuwekwa hivyo. Aliyerekodi aliandika alivyosikia, chini ya jina la nchi la enzi zile. Basi andika Tanganyika, Ruanda-Urundi, Congo Belge. Kabila liandike bila kiambishi: Gogo, Nyamwezi, Luo. Ongeza na ala, iwe zeze au nyatiti.

Pa kuanzia ni ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Tracey alipita Tanganyika na Kenya mwaka 1950 na gari lenye mitambo ya kurekodi. Jenereta aliiweka mbali kwa waya mrefu muungurumo usiingie, kisha yeye mwenyewe akashika kipaza sauti, akikisogeza kwa mwimbaji, mara kwa mpigaji. Ndiyo maana ukisikiliza marimba ya Wagogo unahisi umekaa mbele yake. Na usiishie kwenye sauti. Soma na maelezo yake: lugha, mahali, ala, pengine hata jinsi sauti za ala zilivyopangwa, kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mzee alikuwa na ukaidi wake, lakini kwa uandishi wa kumbukumbu namvulia kofia.

Taarabu ni habari nyingine. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na jina lake utalikuta limeandikwa Siti, Sitti, bint, binti. Jaribu yote. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo wimbo ukikatika ghafla usidhani faili ni bovu. Tafuta upande wa pili. Na sauti ikikujia nyembamba kama ya mtoto, huenda santuri ilichezwa kwa kasi kupita kiasi ilipohamishiwa kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure: shusha kasi kidogo kidogo mpaka udi usikike kama udi.

Muziki wa dansi wa miaka ya sitini na sabini umejaa YouTube, ila maelezo yake mengi ni ya kubahatisha. Shuka chini ya video, wasome wazee wanaobishana nani alipiga solo. Hapo nimejifunza mengi kuliko kwenye vitabu.

Jambo la mwisho: usihifadhi kiungo peke yake. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na rekodi zake za sauti zikatoweka mtandaoni kwa muda mrefu. Andika namba ya rekodi, tarehe na mahali. Ukiwa na namba, hata ukurasa ukifa, unaweza kuwaandikia wenye maktaba wakutafutie.