Mgongo Unauma, Mpira Nao Unakata Kulia

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 46, nilianza gofu mwaka juzi hapa Dar es Salaam, napiga mkono wa kulia. Nikishika fimbo kubwa, mpira unaanza kushoto kisha unapinda kulia hadi vichakani. Mume wangu anasema niongeze nguvu. Nimeongeza, na sasa nikifika shimo la 12 mgongo wa chini, upande wa kulia, unawaka moto, na mpira unapinda vilevile. Niiache fimbo kubwa?*
*Mama wawili, Mikocheni*

Marahaba mama. Mumeo msalimie, lakini kwa hilo amekupoteza.

Kabla sijawa kedi, yule anayembebea mchezaji mkoba wa fimbo, nilikuwa kibarua wa kufyeka majani pembeni mwa uwanja, fyekeo mkononi tangu alfajiri. Mgeni wa fyekeo hutumia mkono, na ikifika saa nne bega limekwisha. Mzoefu ukimtazama miguuni utaona kitu kingine: anakanyaga mguu wa mbele, nyonga inageuka, bega linafuata, mkono unafuata bega, na ubapa wa fyekeo unapita mwisho kabisa ukipiga mluzi. Anafyeka hadi jioni na anapiga soga.

Gofu ni hiyohiyo. Fimbo ikitoka juu kuufuata mpira inatumia kama robo sekunde, na ndani ya robo hiyo kila kiungo kina zamu yake: nyonga, kifua, mikono, fimbo. Tena nyonga haziendelei kukimbia tu. Zikishachomoka zinafunga breki, na breki hiyo ndiyo inayokirusha kifua. Kifua nacho kikipunguza, mikono inarushwa. Umewahi kusimama kwenye daladala, dereva akakanyaga breki ghafla? Gari limesimama, wewe ndiyo kwanza unaanza safari. Fimbo yako inatakiwa iwe yule abiria wa mwisho.

Wewe, kwa maelezo yako, bega la kulia linadandia kabla ya nyonga. Bega likitangulia, fimbo inatupwa nje, mbali na mwili, halafu inakatisha kuja ndani kuelekea kushoto. Ndiyo maana mpira unaanzia kushoto. Uso wa fimbo nao umebaki wazi, unatazama kulia kuliko njia ambayo fimbo inapita, basi mpira unazungushwa kiubavu na kupinda. Ukiongeza nguvu hapo, unaongeza safari ya vichakani.

Tuje kwenye mgongo. Zile pingili 5 za kiunoni si za kugeukia. Kila moja inajizungusha nyuzi mbili hivi, basi. Kugeuka ni kazi ya nyonga huku chini na pingili 12 za kifuani kule juu. Hao wawili wakigoma, kiuno kinabebeshwa kazi isiyo yake, tena chini ya mzigo mzito: vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba swingi moja, yaani mzungusho mmoja wa fimbo, inaweza kuubana mgongo wa chini kwa nguvu ya hadi mara 8 ya uzito wa mwili. Tiger Woods mwenyewe, bingwa wa gofu wa Marekani, pamoja na misuli yote ile, aliungwa pingili za chini kwa upasuaji mwaka 2017 kabla ya kurudi kushinda Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu, mwaka 2019.

Jipime leo. Kaa juu ya meza, miguu ining'inie, magoti yagusane. Bila kuachanisha magoti, sukuma nyayo nje, huu kulia na huu kushoto. Wa kushoto ukienda kidogo tu, huenda tumempata mwizi, maana nyonga hiyo ndiyo unayogeukia unapopiga. Dawa ya haraka ni kusimama na vidole vya mguu wa kushoto vikitazama nje kidogo. Na unapopeleka fimbo nyuma, kiache kisigino cha kushoto kiinuke. Jack Nicklaus, bingwa wa gofu wa zamani, alikiinua na akabeba mataji makubwa 18. Mimi miaka yangu ya mwanzo niliwaambia watu wakibane chini kama kimepigiwa msumari, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Malipo yake nililala sakafuni miezi minne, mke wangu akinivua viatu.

Fimbo kubwa iweke pembeni wiki tatu. Chukua chuma namba 7, ile fimbo fupi zaidi yenye kichwa cha chuma, simama miguu pamoja. Peleka fimbo nyuma, na kabla haijafika juu piga hatua moja ya mguu wa kushoto kuelekea shabaha, kisha piga. Mipira 20, nusu nguvu. Mwanzoni utajiona mlevi. Ila maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, acha mpira na umwone daktari.

*Mwalimu, mimi ni kedi, miaka 17, Moshi. Nanyanyua vyuma kila siku, lakini mzee wa miaka 60 ninayembebea mkoba ananipita mita 20. Anatumia nini?*

Hatumii kitu, kijana wangu, ila hajifungi breki kama wewe. Mpira hauzidi gramu 46, na unagusana na uso wa fimbo kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Muda huo msuli wako hauna la kufanya. Mpira unajua kasi ya kichwa cha fimbo na mahali ulipogongwa, habari ya kifua chako haujaipata.

Nakisia unaikaba fimbo kama kuku anayetaka kukutoroka. Ukikaba, vifundo vya mikono vinakakamaa, na vyenyewe ndivyo vya mwisho kwenye mnyororo. Vya mzee vinabaki vimekunjwa hadi mikono inakaribia paja, ndipo vinafunguka.

Jumamosi ukimbebea tena, usiufuate mpira kwa macho. Tazama mkanda wa suruali yake, kisha uniandikie: ulianza kugeukia shabaha kabla mikono haijafika juu, au baada?