Kantangaze hajali jina la chupa: kwa maafisa ugani wapya wa nyanya

Kila msimu wa nyanya napokea vijana wapya wa ugani, na kila msimu ripoti zao za kwanza husema jambo lile lile: shamba limeshambuliwa na kantangaze, yaani nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, mkulima ameshauriwa kupuliza dawa. Ni dawa gani, ya kundi gani (yaani inaua kwa njia gani), viwavi walikuwa na umri gani, na mkulima alikuwa amepuliza nini kabla ya hapo, hayo hayamo. Nawapenda wadogo zangu hawa, kwa kuwa wanaamka mapema na hawaogopi tope, lakini uvumilivu wangu umeanza kuchakaa.

1. Hakikisheni kwanza kwamba ni kantangaze. Nimeletewa tena jani lenye mstari mwembamba mweupe unaojipindapinda, na huyo alikuwa inzi mdogo anayechimba majani. Handaki la kantangaze huwa baka pana lisilo na umbo maalumu, na ukiliinua jani kuelekea kwenye jua utaona ndani yake kinyesi cheusi, na mara nyingi kiwavi mwenyewe, wa rangi ya krimu au kijani, mwenye mstari mweusi nyuma tu ya kichwa. Handaki likiwa tupu msiandike kwamba mdudu ameondoka shambani, kwa sababu kiwavi hutoka na kuchimba jingine. Kagueni majani ya jirani na machipukizi.

2. Mtego wa feromoni, yaani wenye harufu ya jike, huhesabu, hautibu. Hunasa madume peke yao, na dume mmoja aliyebaki hutosha kupanda majike kadhaa, ambao kila mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Vivutio vibadilishwe kwa wakati. Kijana mmoja aliwahi kuniletea daftari lililojaa sifuri, lenye mwandiko wa kupendeza, kutoka shamba ambalo majani yake yalikuwa yamekauka kana kwamba yameungua. Tulipoufungua mtego wake wa delta, ule wa umbo la pembetatu, tukakuta kivutio kimetulia ndani ya pakiti yake, hakijafunguliwa. Nilicheka, kisha nikamtuma aanze kuhesabu upya.

3. Zungusheni makundi ya dawa, si majina ya dawa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe na hasara yake haikuwa yangu. Kantangaze alipothibitishwa nchini mwaka 2014, mkoani Arusha, alikuwa ametoka mbali: asili yake ni Amerika Kusini, aliingia Hispania mwaka 2006, akaenea katika nchi za Mediterania, kisha akashuka kupitia Sudan na Ethiopia. Sisi huku tulikuwa na semina moja moja na sentensi moja ya kukariri, kwamba mkulima azungushe dawa. Mama mmoja, ambaye nyanya zake zilikuwa zimeanza kufunga matunda, aliniuliza azungushe zipi, nami nikamwandikia chupa tatu kwa mpangilio, nikaondoka nikijiona mtaalamu.

Ya kwanza ilikuwa abamektini, ya pili emamektini, na ya tatu ilikuwa emamektini tena, ya kampuni nyingine na yenye lebo ya rangi nyingine. Aliponipigia simu kusema viwavi hawafi, nilimwambia amalize mzunguko. Alipopiga tena, nikasema huenda bomba lake halilowanishi chini ya majani. “Bwana shamba, nimepuliza juu na chini mpaka mgongo umegoma,” akanijibu, na hata hapo sikuinuka kwenda kuona.

Nilipokwenda hatimaye, alizipanga zile chupa juu ya tenga lililopinduliwa, akaniomba nimsomee maandishi madogo kwa sababu macho yake hayayawezi. Nikasoma kiambato amilifu cha ya kwanza, nikasoma cha ya pili, na nilipoifikia ya tatu sauti ikaanza kunipungua. Nyanya zilizokuwa miguuni mwetu zilikuwa na matundu kama ya sindano pembeni mwa vikonyo, na vumbi jeusi la kinyesi likiwa mdomoni mwa kila tundu. Dalali alikuwa ameshazikagua na kuondoka bila kupakia hata tenga moja. “Kumbe hizi mbili ni kitu kimoja?” akauliza. Nikamjibu kwamba ni kitu kimoja, na nikalazimika kuongeza kwamba hata ile ya kwanza ni ndugu yao, kwa kuwa abamektini na emamektini zote ni kundi la 6, katika namba zinazopangwa kwa jinsi dawa inavyoua, na huushika mfumo wa neva wa kiwavi mahali pale pale. Kiwavi aliyeizoea ya kwanza hakuwa na sababu ya kuiogopa ya pili.

Kwa hiyo andikeni namba ya kundi kwanza, kiambato baadaye, na jina la dukani mwisho. Wala msibadilishe kundi kila mpulizo ili mwonekane mnazungusha. Palipo na joto kizazi kimoja cha kantangaze huchukua takribani wiki 4. Kundi moja litumike ndani ya kipindi hicho kwa idadi inayoruhusiwa na lebo, kisha lipumzike, ili kizazi kinachofuata kikutane na kundi jingine. Kundi la 28, ambalo maduka ya pembejeo hulisifu sana, lisiwalaze usingizi, maana usugu dhidi yake ulishathibitishwa Italia na Ugiriki.

4. Pulizeni jioni, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe hata kama dalali amesimama mlangoni.

5. Dawa za bakteria aina ya Bt huua viwavi wachanga, si wale walioshiba. Tena, mkulima anayepuliza pareto za viwandani kila wiki huwaua pia wadudu rafiki. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilimleta nyigu mdogo kutoka Peru ili ashambulie viwavi wa kantangaze, na hakuna maana ya kumpokea mgeni huyo kwa sumu.

6. Masalia yang'olewe na kuangamizwa mara tu mavuno yanapokwisha, kisha msipande biringanya, viazi mviringo wala mnavu hapo hapo na kuita huo ni mzunguko wa mazao, kwa kuwa kantangaze huishi kwenye hayo yote. Mmoja wenu alishauri masalia yarundikwe pembeni mwa kitalu cha miche mipya “yakauke kwanza”, nami bado natafuta maneno ya upole ya kumweleza. Matenga yanayorudi kutoka sokoni nayo yakaguliwe na kusafishwa kabla hayajaingia shambani, hasa kwenye maungio, kwa sababu pupa hujificha humo na kusafiri hadi mashamba ambayo hayajawahi kumwona mdudu huyu.