Panga na bahari kwanza, kisha na mama watoto

Ndugu yangu, umesema unatoka kazini Posta saa kumi na moja jioni, Jumapili ni ya kanisa na ndugu, na mshipi wako wa kuvulia samaki hujaugusa tangu mtoto wa pili azaliwe, na unauliza utapataje muda wa kuvua. Pole sana. Najua ile hamu.

Usingoje siku nzima ya kwenda, haitapatikana. Tafuta saa mbili tu, lakini uzichague kwa maji. Huku Dar, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku mbili tatu baada ya bamvua, maji yanajaa ukiwa umeshafika ufukweni, na samaki kama changu husogea karibu kula. Chukua jedwali la maji kujaa na kupwa, weka alama jioni mbili za mwezi ujao, umwoneshe mkeo leo. Mwambie siku na saa ya kurudi. Kinachomuudhi mara nyingi ni kushtukizwa, na pengine naye ana jioni zake anazozitamani. Mpe, ubaki na watoto.

Ndoana, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) na mshipi vikae tayari kwenye ndoo moja. Chambo, ngisi au kamba, kata usiku uliotangulia, uweke kwenye friza. Mimi nilipoteza jioni nyingi nikihangaika kutafuta chambo.

Yule mkubwa wa miaka saba mchukue. Mpe mshipi wa mkono, akae mbali na mawe yenye utelezi.