Miguu kuuma kwa mwenye thairoidi iliyolegea

Je, thairoidi, ile tezi ya shingoni, ikilegea na kutoa homoni kidogo, miguu huuma? Ndiyo, huuma kweli, usilaumu viatu peke yake. Homoni ikipungua mwili hutunza maji, na uvimbe ukibana mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo, nyayo huwaka moto na vidole hufa ganzi. Anza na kipimo cha TSH, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya thairoidi inatosha. Krimu na kukanda havifiki mbali kama dozi ya levothairoksini, dawa ya kujazia homoni hiyo, haitoshi. Dozi ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili. Visigino vilivyopasuka vipake krimu yenye yurea ukishaoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla na shavu la mguu huo likauma, usiisingizie thairoidi, nenda hospitali siku hiyohiyo.