Nina chokaa begani. Niache maziwa na dagaa?

*Shikamoo dokta. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 47. Tangu Ramadhani bega la kulia linaniuma, na wiki mbili zilizopita lilinishika usiku mmoja mpaka alfajiri, nikashindwa hata kujifunga kanga. Nilipigwa picha, nikaambiwa nina chokaa begani, basi, hakuna aliyenieleza zaidi. Nyumbani kila mtu ana lake. Shoga yangu anasema ni maziwa na dagaa, wifi anasema ni maji ya kisima, bibi anasema ni chokaa ya tambuu kwa sababu kila jioni natafuna naye. Vyote nimeviacha, bega halijapoa. Chokaa hii itaenea mwilini? Itabidi nipasuliwe?*
*Mama Saumu, Tanga*

Marahaba, Mama Saumu, na pole sana. Naanza na chakula, maana hapo ndipo uliponitia wasiwasi kuliko bega lenyewe. Ni kweli chokaa ya begani ni kalsiamu, madini yaliyomo pia kwenye maziwa na dagaa, lakini leo hii virudishe vyote viwili mezani.

Nina sababu ya kulisemea hili kwa nguvu. Mama yangu mzazi alipata kijiwe cha figo akiwa na miaka 58. Mhudumu mmoja akamwambia, "Mama, hicho kijiwe ni kalsiamu, acha maziwa." Akaacha maziwa, mtindi na dagaa, kwa miaka sita. Mimi nilikuwa masomoni, na aliponiambia kwenye simu kwamba amekatazwa, sikuuliza swali la pili. Kijiwe kilirudi vilevile. Kisha siku moja akateleza uani, akajizuia kwa kiganja, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja kama ukuni mkavu.

Mtu mzima ana karibu kilo nzima ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake iko kwenye mifupa na meno. Hicho kidogo kinachozunguka kwenye damu kinalindwa na tezi nne ndogo zilizojificha nyuma ya tezi ya shingo, kila moja kama punje ya mchele. Usipokula kalsiamu, tezi hizo hazikubali damu ipungukiwe. Zinakwenda kukopa kwenye mifupa. Bega lako halipati nafuu yoyote, ila mfupa unalipa. Na wewe una miaka 47, hedhi inakaribia kukoma, wakati ambao mifupa ya mwanamke hupungua kwa kasi.

Hata kwenye vijiwe vya figo ushauri ule ulikuwa kinyume. Vijiwe vingi ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, kitu kilichomo kwenye mboga kama mchicha. Ukila maziwa pamoja na mchicha, viwili hivyo vinashikana tumboni na kutoka na choo. Ukiacha maziwa, oksaleti inapita peke yake kwenye damu hadi kwenye figo. Mwaka 1993 huko Marekani walichapisha utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 45,000 kwa miaka minne: waliokula kalsiamu nyingi kwenye chakula ndio waliopata vijiwe vichache. Kinachomkinga mwenye vijiwe ni kunywa maji mengi na kupunguza chumvi.

Sasa bega. Juu ya bega kuna kano inayokusaidia kuinua mkono kwenda pembeni. Ndani ya kano hiyo, kwa watu wa kati ya miaka 30 na 60, na zaidi kwa wanawake, chembe za kano zinaweza kubadilika na kuanza kuweka chokaa hapohapo zilipo. Haitoki kwenye sahani wala kisimani. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika ni wa maji kweli, lakini unabaki kwenye birika. Haitaenea mwilini.

Usiku ule uliokukesha una maelezo yake, na pengine yatakupa moyo. Mara nyingi chokaa inakaa kimya miaka, kisha siku mwili unapoamua kuiyeyusha, ndipo bega linapowaka. Nimewahi kusimama pembeni mwenzangu akiingiza sindano kwenye bega la mgonjwa huku akiangalia kwenye altrasaundi. Alivuta, na ndani ya bomba kikaja kitu cheupe, kizito, laini kama dawa ya meno. Hiyo ndiyo chokaa iliyokwisha kulainika, na ikifika hapo mara nyingi mwili unaimaliza wenyewe. Wengi hupona bila kisu. Sindano ile ya kuvuta chokaa, au sindano ya kutuliza uvimbe, ni kwa wanaoendelea kuumia baada ya miezi. Upasuaji ni wa mwisho kabisa.

Kwa sasa tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, mara mbili tatu kwa siku. Dawa ya maumivu upewe na mtu aliyekupima presha na kukuuliza kuhusu vidonda vya tumbo. Usijinunulie diklofenaki ya wiki nzima dukani. Na mkono usiufunge ukatulia, bega litaganda. Inama, shika meza kwa mkono wa kushoto, uache wa kulia uning'inie, kisha uuzungushe taratibu, duara lisizidi sahani. Cherehani ishushe au kiti kipandishe, kiwiko kisikae juu ukishona.

Kapime sukari pia. Kisukari na matatizo ya tezi ya shingo huonekana zaidi kwa watu wenye bega kama lako. Na likivimba, likawa la moto, ukawa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa usaha kwenye kiungo, na usaha hausubiri.

Tambuu haikukuletea hili, lakini usiirudie. Popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, inasababisha saratani ya mdomo, hata ikitafunwa bila tumbaku. Mwambie na bibi, kwa upole.

*Dokta, nilipima afya kwa ajili ya kazi, picha ikaonyesha doa la chokaa kwenye pafu. Niliugua kifua kikuu 2011, dozi nilimaliza. Ugonjwa umerudi?*
*Dereva, Mwanza*

Hilo doa gumu kwa kawaida ni kovu. Mwili ulipowazingira wadudu wale, ulijenga ukuta na baadaye ukausiriba kwa chokaa. Halihitaji dawa. Itafute picha yako ya zamani, hata iliyokunjamana, daktari azilinganishe. Kama doa halijabadilika, mpe mwajiri maelezo hayo kwa maandishi. Ila ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au unapungua uzito, peleka makohozi yakapimwe bila kusubiri, maana picha peke yake haitoshi kusema hapana.

Na kwa kuwa umenigusa kwenye chokaa inayoachwa na ugonjwa: kama utotoni uliogelea kwenye malambo na umewahi kukojoa damu, pima mkojo pia. Mayai ya kichocho yakikaa miaka kwenye ukuta wa kibofu, ukuta wenyewe hugeuka chokaa, na kibofu cha namna hiyo kinaweza kuingia saratani. Kichocho kikionekana mapema, dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, na dozi unameza siku moja tu.