Kwa nini mashine za sloti zina picha za matunda?

Mkuu, umeuliza cheri na malimau yalifikaje kwenye mashine za kamari. Jibu fupi: chingamu.

Liberty Bell, mashine ya Charles Fey iliyotengenezwa San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, haikuwa na tunda hata moja. Magurudumu yake matatu yalikuwa na kopa, uru, shupaza, kiatu cha farasi na kengele. Zikijipanga kengele tatu, unavuna senti 50, na hapo ndipo zawadi ilipoishia. Baadaye sheria za kupinga kamari zikabana. San Francisco yenyewe ilipiga marufuku mashine hizi mwaka 1909. Wenye mashine wakaja na ujanja: mashine inatoa chingamu, matunda ni ladha zake, kwa hiyo eti hii ni biashara ya pipi tu! Hata alama ya BAR unayoiona kwenye magurudumu inatajwa kutokana na nembo ya chingamu hizo.

Picha za leo za mafarao, maharamia na mazimwi zilipata nafasi kubwa baada ya skrini kuingia miaka ya 1970. Ila hayo ni mapambo. Kwenye mashine za kisasa, programu ya namba nasibu, yaani inayotoa namba bila mpangilio, huwa imeshaamua matokeo kabla picha hazijasimama.